Ngamia wa Sahra

Mwanamke anayeuza maziwa karibu na nyumba yangu hapa Galbet, mtaa wa Garissa, alifungua kidumu chake juzi asubuhi, harufu ya moshi ikanipanda puani, nikasahau nilichokuja kununua. Waliokulia kwenye maziwa ya ngamia wanaijua harufu hiyo. Chombo kinafukizwa kwanza kwa kijinga cha mgunga, kinafunikwa moshi ukiwa bado ndani, ndipo maziwa yanatiwa. Siku hizi chombo ni cha plastiki, lakini moshi ni ule ule wa bibi yangu. "Walaal, ndugu yangu, nikupimie kiasi gani?" muuzaji akauliza mara ya pili. Nilikuwa nimesimama tu, machozi yananitoka mbele ya watu. Nikamwambia ajaze mtungi mzima, maana nilikuwa naenda msibani, na huko mtu haendi mikono mitupu.

Aliyefariki aliitwa Sahra. Nilimwona siku mbili tu maishani, nikiwa mtoto wa miaka minane au tisa, na tangu hapo sijamwona binadamu mwingine aliyeniacha kinywa wazi kama yeye.

Wakati huo tuliishi upande wa Rhamu, watu watatu: mimi, bibi yangu mzaa mama, na mjomba wangu Nur, ambaye nilimwita Abti kama mtoto yeyote wa kwetu anavyomwita ndugu wa mama yake. Mama mwenyewe simkumbuki. Bibi nilimwita Ayeeyo, naye aliniita Ayeeyo vile vile, kwa sababu kwetu mkubwa humrudishia mtoto jina lile lile analoitwa. Ukisikia hemani kwetu "Ayeeyo, lete maji," ilibidi uangalie ni sauti ya nani ndipo ujue nani anainuka.

Kiangazi kikali kilikuwa kimefagia kundi lote. Alibaki ngamia mmoja, Deero, pamoja na ndama wake. Deero maana yake ni swala wa nyikani, na aliitwa hivyo kwa ajili ya shingo yake na yale macho yake ya kujifanya mnyonge. Maziwa yake ndiyo yalikuwa chakula chetu, ndiyo yaliyonipeleka shule, na ndiyo yaliyomfanya Ayeeyo aitwe bado mwenye mifugo badala ya kuitwa maskini. Hata mimi niliyekuwa mtoto nilijua kwamba Deero akianguka, sisi tumeanguka. Nilimtazama akicheua kama wengine wanavyotazama akiba yao.

Mvua za mwaka ule zilipokuja, zilikuja kwa fujo, zikajaza lambo kubwa lililoko safari ya siku kadhaa kutoka kwetu. Tulihamia kando yake. Wenyeji waliliita ziwa, na mimi sikuona sababu ya kubisha, kwa maana watu waliokuwa ng'ambo niliwaona wadogo kama vijiti. Juu ya mwinuko uliopakana na maji kulikuwa na ngome ya mawe waliyoijenga Waingereza kwa ajili ya askari wao. Watu waliiita Boma tu. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba mbuzi wangeweza kutembea juu yake wawili wawili, na asubuhi, upepo ukiwa umelala, Boma zima lilionekana limepinduka ndani ya maji. Nilikuwa sijawahi kuona nyumba yenye nyumba nyingine chini yake. Tena lilikuwa na madirisha membamba kabisa, urefu wa mtu na upana wa kiganja. Leo najua yalikuwa ya kupitishia bunduki. Wakati ule niliamini kwamba humo waliishi watu warefu na wembamba mno, na kwamba siku moja mmoja wao angechungulia.

Kila likizo ya Agosti vikundi vya waimbaji kutoka Garissa, Wajir na Mandera vilikusanyika Bomani kwa tamasha. Walikuja na michezo ya kuimbwa, ile ambayo ndani yake hakuna anayeongea. Watu wanasalimiana kwa kuimba, wanagombana kwa kuimba, wanakufa kwa kuimba. Sisi hatukwenda kwa ajili ya mchezo. Ayeeyo alikuwa hajawahi kuona mchezo wowote. Alisikia tu kwamba kuna watu wengi wenye makoo makavu, akafukiza vyombo vyake vyote.

Langoni alikaa askari mmoja mzee, Mutisya, Mkamba aliyezoeana na jua la kwetu.

"Mama, hapa ni tikiti," alisema.

"Mimi iko na masiwa," Ayeeyo alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Watu ya kuimba nataka masiwa. Wewe kwanza nakunywa, halafu nasema tikiti."

Mutisya alikunywa kikombe kizima, akajifuta, akatazama kule na huku. "Piteni. Lakini huyu mtoto asipande ukutani."

Sina maneno ya kutosha kueleza kilichonipata nilipovuka lile lango. Nje kulikuwa na upepo, vumbi na kelele za mifugo. Ndani palikuwa kimya na baridi, kama ndani ya mtungi. Nilikohoa, ukuta nao ukakohoa. Nilimshika Ayeeyo mkono. Ua ulikuwa mpana, wanaume wameketi kwenye mikeka upande mmoja na wanawake upande mwingine, na mbele yao ngazi za mawe zilipanda hadi kwenye roshani iliyovunjika kidogo, ambapo uliliona ziwa likimeta. Udi ulikuwa unafuka kwenye vyetezo. Nikamuuliza Ayeeyo kama hapa ndipo peponi. Akasema hajui, hajafika huko, lakini nitulie.

Baada ya swala ya alasiri mpiga ala ya nyuzi alianza kidogo kidogo, akifuatwa na ngoma. Halafu Sahra akatokea juu ya ngazi.

Alivaa nguo nyeupe, kichwa kimefunikwa, miguu peku. Hakufanya lolote. Alisimama tu, jua la jioni likimwangukia ubavuni, kisha akafungua kinywa. Sijui sauti ile ilikuwa inakaa wapi katika mwili mwembamba namna ile. Ilishuka ngazi, ikazunguka ua, ikagonga kuta za mawe na kurudi ikiwa imeongezeka, hata nikahisi inanipita miguuni kama maji. Mwanamke aliyekuwa karibu yetu alikuwa anamnyonyesha mtoto, na mtoto aliacha ziwa la mama yake akageuka kutazama. Nilidhani Boma lenyewe ndilo linaloimba. Nilidhani wale watu wembamba wametoka kwenye madirisha hatimaye.

Hadithi niliielewa vizuri sana, kwa maana ilikuwa hadithi ya kwetu. Msichana yatima analelewa na baba mdogo. Ukame unakuja, baba mdogo anapokea ngamia kutoka kwa mzee mmoja mwenye ndevu za hina, na msichana anaambiwa ataolewa na mzee huyo, vinginevyo ngamia arudishwe. Ngamia mwenyewe ameshakufa. Basi msichana anateremka ngazi, anawafuata watu waliokaa, anawaimbia. Nyimbo zetu zikitiwa katika Kiswahili hupoteza mifupa, kwa hiyo nitasema maana tu. Alisema: mmekaa hapa mmevaa vizuri, mifugo yenu iko kwenye maji. Shingoni mwangu kuna kamba, na kamba hiyo ni ngamia mmoja. Je, kati yenu hakuna mama mwenye ngamia?

Hapa inabidi nieleze jambo moja kwa wale wasiotujua. Kwetu mtu mwenye haja kubwa hasemi haja yake. Anaiimba mbele ya mkutano, na mwenye uwezo aliyesikia hujibu kwa wimbo, akifuata mapigo yale yale na kuanzia herufi ile ile. Neno lililotolewa hivyo limeshuhudiwa, halirudishwi tena. Mimi nilijua hivyo kabla sijang'oka meno ya utoto. Basi Sahra alipouliza swali lake, niligeuka kutazama ni nani atakayeinuka. Watu walifuta machozi. Walitikisa vichwa. Wengine waliinua simu zao. Hakuna aliyeinuka, na mimi nikaona aibu kwa ajili yao. Watu wazima wote hawa, nilijiambia, na wanamwacha.

Ndipo nikahisi mkono wa Ayeeyo unatoka mkononi mwangu.

Alisimama. Akajifunga shuka vizuri, akainua kidevu, akajibu. Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba zaidi ya kumbembeleza ndama wakati wa kukamua. Sauti yake ilikuwa ya kizee, imekwaruza, lakini ilifuata mapigo bila kukosea na ilishika herufi ile ile mstari baada ya mstari. Mpiga ngoma, ambaye nadhani mikono yake ilielewa kabla ya kichwa chake, akaanza kumfuata taratibu. Alisema: mwanangu, nimekusikia. Mimi sina wengi. Ninaye mmoja, shingo yake ndefu, ana ndama ubavuni. Mchukue, umrudishie huyo mzee, uende zako. Waliokaa hapa ni mashahidi.

Kuna watu walioanza kucheka. Hawakufika mbali. Wazee wa mstari wa mbele walikuwa wamegeuka kumtazama Ayeeyo, mmoja wao akasema, "Tumesikia," na mwingine naye, "Tumesikia," kama inavyosemwa kisimani neno likishatolewa. Sahra alibaki amesimama na mikono yake imenyooka, akimtazama bibi yangu. Kisha adhana ya Magharibi ikapaa kutoka upande wa ziwa, watu wakainuka kwenda kutawadha, na mimi nikabaki mkekani. Nilijivunia Ayeeyo hadi kifua kikaniuma. Na hapo hapo nikakumbuka kwamba shingo ndefu ile ilikuwa ya Deero wetu.

Habari ilifika hemani kabla yetu. Abti Nur alikuwa ameshika kichwa.

"Hooyo," alimwambia mama yake, "yule ni mwigizaji. Anaimba hivyo kila mahali. Aliimba hivyo Wajir, ataimba tena kesho. Kesho utampa nini?"

"Kesho sina kitu," Ayeeyo alisema. "Niliyekuwa naye nimeshampa."

"Ni mchezo."

"Yeye amecheza. Mimi sikucheza. Watu wamesikia au hawakusikia?"

"Wamesikia."

"Basi."

Abti alitaka kwenda kuwaomba wazee walifute lile neno. Ayeeyo alimwambia kwamba akifanya hivyo asimwite tena mama. Nilikwenda kumkumbatia Deero mguuni nikalia, naye akanipulizia pumzi yake ya majani kichwani, hajui lolote. Nilimwomba Mungu mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja: kwamba msichana aachiwe, na kwamba Deero abaki.

Asubuhi tulimfunga kamba, tukampeleka Bomani na ndama wake akifuata. Abti alitembea nyuma yetu kama mtu anayesindikiza jeneza. Ayeeyo hata hivyo alikuwa amebeba maziwa, kwa sababu biashara ni biashara. Tulipokuwa tunangoja kwenye kivuli cha lango, akaja yule mzee wa ndevu za hina na kikombe chake. Nilikifunika chombo kwa mikono yote miwili.

"Sikuuzii," nilimwambia.

"Nimekosa nini, walaal?"

"Mwachie msichana kwanza."

Alicheka mpaka akaketi chini. Alikuwa kijana tu, ndevu zenyewe za kubandika, zimeanza kubanduka upande mmoja. Mutisya naye akacheka. Mimi sikucheka.

Kisha Sahra akatoka. Alikuwa amevaa nguo za kawaida, simu mkononi, macho mekundu ya mtu asiyelala. Nilimtafuta yule wa jana ndani yake nisimpate. Alipiga magoti mbele ya Ayeeyo, akamshika mikono.

"Ayeeyo, nisamehe. Mimi si yule msichana. Mimi ni mwalimu, Garissa. Nina mume mwema na mtoto mdogo. Hakuna anayeniuza. Siwezi kukuchukulia ngamia wako."

"Najua," Ayeeyo alisema. "Nur ameniambia. Nimezeeka tu, sijawa mpumbavu."

"Kwa nini basi?"

"Mimi niliimba hivyo. Kisimani, mbele ya watu, nilipokuwa na umri kama wa huyu mjukuu wangu na kidogo zaidi. Waliniangalia kama walivyokuangalia wewe. Wakanywesha mifugo yao wakaondoka." Hakupandisha sauti. "Nimengoja maisha yangu yote nione mtu akisimama. Jana hakusimama mtu. Nikaona kumbe aliyebaki ni mimi."

Abti Nur alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi, na alipogeuka kutazama ziwa hakugeuka tena kwa muda mrefu. Nadhani hakuwa amewahi kuambiwa jinsi mama yake alivyoozwa. Sahra naye alikuwa analia wazi wazi. Mimi nilimtazama Ayeeyo, yule bibi wa kunituma maji na kunikemea kwa viatu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba aliwahi kuwa msichana. Ilinishangaza kuliko ngome.

"Leo jioni," Sahra alisema hatimaye, "mje tena. Na mje naye."

Jioni ile Deero aliingia Bomani. Mutisya alifungua mabawa yote mawili ya lango, na ngamia wetu akapita chini ya mawe yale taratibu, shingo mbele, kama aliyezaliwa humo. Watu walijaa hadi juu ya kuta. Mchezo ulikwenda kama jana mpaka pale msichana aliposhuka ngazi na kuuliza swali lake. Safari hii hakuliacha hewani. Alimgeukia bibi yangu, akamjibu kwa herufi ile ile aliyoitumia Ayeeyo, akampokea ngamia mbele ya mashahidi wale wale. Akachukua kamba, akampelekea mzee wa ndevu za hina, na mzee akaishika, akaiachia, akaondoka uani akiimba kwamba hadai tena. Siku nyingine zote, niliambiwa baadaye, mchezo ule uliishia kwa msichana kubebwa akilia. Siku ile aliachiwa. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ndege wa ziwani wakaruka wote kwa pamoja, na kivuli chao kikapita juu yetu.

Lakini Sahra alikuwa hajamaliza. Alirudi na kamba hadi alipokaa Ayeeyo. Kwetu mwenye ngamia humpa jamaa asiye na maziwa ngamia wa kukamua, na jambo hilo linaitwa irmaansi. Maziwa ni ya aliyepewa. Ngamia na vizazi vyake hubaki mali ya mwenyewe. Sahra aliimba kwamba yeye ni mtu wa mjini, hana malisho, kwa hiyo anamweka ngamia wake Deero mikononi mwa Ayeeyo, ambaye sasa ni mama yake, amkamue na amtunze hadi mwenyewe atakapokuja kumdai. Akaiweka kamba mapajani mwa Ayeeyo. Wazee wakasema, "Tumesikia." Hakuna aliyepoteza neno lake, na sisi tukarudi hemani na Deero. Dua zangu zote mbili zilikuwa zimejibiwa, jambo ambalo lilinifanya nimwogope Mungu kwa muda mrefu.

Kuanzia siku ile Deero hakuwa wetu. Ayeeyo hakuruhusu mtu aseme vinginevyo. Akizaa, alizaliwa ngamia wa Sahra. Mtu alipotaka kumnunua dume mmoja kwa bei nzuri, Ayeeyo alimwambia mnunuzi amtafute mwenye mali Garissa. Alipofariki, alimwachia Abti Nur wasia huo kabla ya wasia wowote mwingine, na Abti, yule aliyeshika kichwa, amekuwa mkali juu ya ngamia wale kuliko mama yake. Nilipopata kazi ya ofisi hapa Garissa nilimuulizia Sahra. Niliambiwa alihamia ng'ambo na familia yake zamani. Sikujua kwamba alirudi mwaka huu akiwa mgonjwa, na kwamba alikuwa amelala kwa kaka yake, mtaa huu huu ninaoishi. Nilisikia jina lake siku alipozikwa. Hilo linaniuma, na sitasema kwamba haliniumi.

Msibani niliweka mtungi wa maziwa jikoni, nikaonyeshwa binti yake, mwanamke wa rika langu au mdogo kidogo, amechoka kwa kupokea mikono ya watu. Nilimpa pole. Kisha nikamwambia ninatoka kwa watu wa Rhamu wenye ngamia wa mama yake.

Alinikalisha karibu naye.

"Mama alikuwa anatuambia tuna ngamia," alisema. "Tangu tukiwa wadogo, kule kwenye baridi. Anasema msijione maskini, nyinyi mna ngamia nyumbani. Tulikuwa tunamcheka. Tulijua ni maneno ya mchezo."

Nilitoa simu, nikampigia Abti Nur. Alikuwa amepeleka ngamia kunywa maji. Nikamwambia mwenye ngamia amepatikana, yuko hapa mbele yangu, ni binti yake. Abti alimshukuru Mungu.

"Mwambie mmoja amezaa jana," alisema. "Jike. Muulize anataka tumwite nani."

Nikampa simu. Aliibana sikioni kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na mimi niliyekaa karibu nilisikia kidogo kile alichokuwa anakisikia: kengele za mbao shingoni mwa ngamia, nyingi, zikienda kunywa.

"Ni wao hao?" aliniuliza.

Nikamwambia ni wao.